Mtu akishakanseliwa (yaani akasuswa na mtandao mzima), kifungo chake kinaisha lini?

Binti Karani

Wakuu habari za mida hii. Naomba mnisome hadi mwisho ndio mnirushie mawe, najua humu hakuna huruma.

Kuna jambo linanitafuna. Miaka mitatu nyuma ilisambaa klipu ya sekunde 14, dada mmoja yuko kaunta anamfokea mzee, kidole kiko usoni kwa mzee, mzee kainamisha kichwa kashika kofia yake kwa mikono miwili. Basi, imeisha. Hakuna aliyeuliza ilianzaje, mtandao ukawaka, na mimi niko zangu kitandani usiku na simu nikaandika komenti: "Huyu asipate kazi tena popote, hata ya kufagia." Nikalala. Asubuhi naamka nakuta laiki elfu nne na ushee, aisee nilijiona kama nimeokoa taifa. Kufikia jioni jina lake, picha zake, mpaka shule aliyosoma vyote viko nje, na mwajiri wake katoa taarifa kwamba huyu si mtumishi wao tena.

Wiki iliyofuata ikatoka video ndefu, dakika sita hivi. Wala sio kwamba dada wa watu alikuwa malaika. Alifoka kweli na alifoka vibaya. Ila kabla ya hapo mzee alishamporomoshea matusi ya nguoni mbele ya foleni nzima na kumrushia makaratasi usoni, na baada ya zile sekunde 14 huyo dada anaonekana anatoka kaunta, anainama anamwokotea mzee karatasi zake moja moja, anamvutia kiti. Hiyo ndefu sijui kama iliangaliwa na watu mia mbili. Nikafuta komenti yangu kimya kimya, maisha yakaendelea.

Sasa mwezi uliopita ofisini tunachambua maombi ya kazi. Bosi ana mtindo wake, kila aliyeingia tatu bora lazima amgugo kwanza. Akageuza skrini nione, "huyu si yule wa mzee?" Picha ya kwanza kabisa ni skrinshoti ya ile klipu na chini yake kuna komenti. Ni ya kwangu. Ile akaunti ya zamani yenye picha ya ua, bosi haijui. Karatasi za yule dada zikatoka kwenye rundo zikaingia droo ya chini, ile ya vitu ambavyo havitupwi lakini havisomwi. Mimi nikasema "ee, ndio yeye", nikanywa maji.

Sijaja kuuliza kama kukanseli ni kuzuri au kubaya, hilo tumebishana mpaka limechacha. Nauliza hivi, mwizi akipigwa miaka miwili anaijua siku ya kutoka, anahesabu ukutani. Huyu wetu anatoka lini, na ufunguo kashika nani?

---

Mbishi Halali

Binti Karani pole, ila mi naona hakuna kitu kinaitwa kukanseliwa, kuna kitu kinaitwa kukosa hela tu.

Angalia wakubwa. Mchekeshaji Kevin Hart Desemba 2018 kapewa kuongoza tuzo za Oscar, zikafukuliwa twiti zake za zamani za kuwakejeli mashoga, ndani ya siku chache akajitoa. Leo anajaza kumbi kama kawa. Mwongozaji wa filamu James Gunn Julai 2018 Disney wakamtimua kwa utani wa kishenzi aliotwiti miaka mingi nyuma, Machi 2019 ikatangazwa karudi, na saa hizi ni mmoja wa mabosi wa DC Studios, wale wa filamu za Superman, yaani aliyetimuliwa sasa ndio anatimua wenzake. Mchekeshaji mwingine, Louis C.K., mwaka 2017 alikiri kwa kalamu yake kwamba waliyosema wanawake waliomlalamikia kwa vitendo vya kingono ni kweli, 2022 kabeba Grammy ya albamu ya vichekesho. Hao kifungo chao kiliisha lini? Kiliisha kwa sababu walikuwa na akiba ya kusubiri watu wachoke.

Sasa mchukue yule dada wa mambo ya mahusiano ya umma, Desemba 2013. Wafuasi wake walikuwa kama 170, sio laki, mia na sabini, watu wa kujaza harusi ndogo. Yuko uwanja wa ndege wa Heathrow, London, akatwiti utani wa hovyo kuhusu Ukimwi na Afrika (simtetei, ulikuwa wa hovyo kweli), akapanda ndege ya masaa 11 kwenda Cape Town, simu kazima. Yeye huko juu kalala, huku chini dunia nzima inahesabu dakika atue, na kuna mtu aliinuka kabisa akaenda uwanja wa ndege kumpiga picha akitoka. Anawasha simu anakuta kila kitu kimeshaamuliwa, na kazi ndio ikaota mbawa.

Kwa hiyo jibu la swali lako, anatoka siku akipata hela.

---

Shangazi Mkavu

Naona machozi yanamwagika humu kwa ajili ya waliokanseliwa. Waliokanyagwa na hao hao watalia lini, naomba ratiba.

Mbishi umewataja wote ukamruka Harvey Weinstein, yule mtayarishaji mkubwa wa filamu, makusudi, nakujua. Miaka nenda rudi Hollywood yote inajua tabia zake za kuwanyanyasa wanawake kingono, mpaka utani juu yake unatolewa jukwaani watu wanacheka, polisi hamna, mahakama hamna, na anayesema anapotezwa kikazi. Tena hiyo nayo si kukanseliwa? Ila hiyo haikuwa na jina kwa sababu ilikuwa inafanywa na mtu mmoja mwenye ofisi badala ya watu elfu wenye simu. Oktoba 2017 New York Times na The New Yorker wakaandika, wakajitokeza wanawake zaidi ya 80, na yale maneno Me Too ("mimi pia") ambayo Tarana Burke aliyaanza 2006 hata hao mastaa hawamjui yakazunguka dunia. Bila kelele zile kuna kesi ingefunguliwa? 2020 kapigwa miaka 23. Ndio najua mtaniambia 2024 rufaa ya New York iliifuta hukumu, najua, na 2025 kesi ikarudiwa akakutwa na hatia tena kwenye shtaka mojawapo. Mahakama yenyewe inafuta na kuandika upya. Kwa hiyo mtu ambaye mlango wa mahakama hajawahi kufunguliwa msimwambie "ungesubiri vyombo husika".

Hilo la kwanza. La pili ni lako mwenyewe Binti Karani. Mdogo wangu, umeleta swali kubwa la dunia ukajificha nyuma yake. Mimi nina dogo tu. Siku ile bosi amegeuza skrini, ulimwambia kuna video ya dakika sita?

---

Domo Kaya

Mimi siwezi kukanseliwa, wafuasi wangu ni 31 na 9 kati yao ni akaunti zangu mwenyewe nilizosahau paswedi. Endeleeni wakuu nipo nasoma.

---

Mbishi Halali

Shangazi hatubishani kuhusu Weinstein, yule ni mhalifu, ana majaji na rekodi. Mi naongelea mtu aliyefoka sekunde 14. Mnapoweka wote kapu moja ndio tatizo linapoanzia, kaunta na Weinstein wapi na wapi.

---

Shangazi Mkavu

Nani kaweka kapu moja? Wewe ndio ulisema "hakuna kitu kinaitwa kukanseliwa" halafu mistari miwili chini ukamlilia wa Cape Town. Chagua moja baba.

---

Mwalimu Mstaafu

Vijana wangu tulieni. Mnavyoongea utadhani haya mambo yameletwa na simu.

Athens ya kale, karne ya 5 kabla ya Kristo, walikuwa na kura ya kumfukuza mtu mjini bila kesi, bila shahidi, bila hata kumtajia kosa. Kila mwaka wananchi wanaulizwa, mwaka huu kuna wa kuondoka? Wakisema yupo, inapangwa siku, kila mtu anakuja na kigae cha chungu kilichovunjika kakwaruza jina moja. Vigae vyote visipotimia 6,000 hakuna kinachofanyika, mnarudi makwenu. Vikitimia, mwenye jina lililojirudia kuliko yote ana siku 10 za kufungasha. Vigae vyenyewe wachimbaji wamevikuta kwa maelfu, na kuna rundo moja majina yameandikwa na mikono michache inayofanana, jina moja tu, ina maana kuna wajanja waliviandaa kabla na kugawia watu. Roboti za kura hizo, tofauti zilikuwa za udongo.

Kuna mzee mmoja Aristides, wakimwita Mwenye Haki. Inasimuliwa kwamba siku ya kura mkulima asiyejua kuandika akamfuata bila kumtambua, akampa kigae, "niandikie Aristides". Akamuuliza, kakukosea nini? Akasema hajanikosea kitu, hata simjui, nimechoka tu kila nikipita nasikia Mwenye Haki, Mwenye Haki. Mzee akaliandika jina lake mwenyewe, akamrudishia kigae.

Sasa binti yangu sikiliza hapa maana ndio swali lako lilipo. Ilikuwa miaka 10, na kila mtu aliijua ni 10. Shamba lake haliguswi, nyumba yake haiguswi, akirudi ni raia kama wewe na hakuna wa kumnyooshea kidole. Na Aristides hata 10 hakuimaliza, alitolewa 482, Waajemi walipokuja na majeshi yao 480 wakawaita waliofukuzwa warudi, akapigana vita vya Salamis pamoja na waliomwandika kwenye vigae.

Na neno boikoti, kwa kuwa najua mtalileta, ni jina la mtu. Charles Boycott, wakala wa mwenye ardhi kule Mayo, Ireland, 1880. Wapangaji wakaona kodi na kufukuzwa kumezidi, wakakubaliana hakuna wa kumvunia, hakuna wa kumuuzia kitu dukani, barua haipelekwi. Ikabidi waletwe wavunaji 50 kutoka mbali na askari mamia kuwalinda, gharama ya ulinzi ikayapita mavuno yenyewe mara kadhaa. Mwaka haujaisha kaondoka. Lakini mwangalieni Boycott alikuwa nani kwa wale watu, alikuwa na uwezo wa kuwatoa kwenye nyumba zao. Yule dada wa kaunta alikuwa na uwezo gani juu yenu nyinyi elfu nne?

---

Jicho la Tatu

Shikamoo mwalimu. Hapo kwenye vigae vya udongo nimecheka peke yangu kama chizi.

Mi nimekuja na upande wa siasa maana naona mnaupita. Kuna watu wanaamini kukanseli ni ugonjwa wa mrengo mmoja tu, wa kushoto, wale wa kuchukizwa na kila kitu. Uongo. Machi 2003 Dixie Chicks, kundi la muziki wa kantri la Marekani, wako London jukwaani, vita vya Iraki bado siku kumi hivi vianze, mwimbaji wao Natalie Maines akasema wanaona aibu kwamba rais wa Marekani anatoka Texas, kwao. Mbona walikoma. Redio zikaacha kupiga nyimbo zao, watu wakaleta CD zikakanyagwa na trekta, vitisho vya kuuawa juu. Hakuna Twitter, hata Facebook haijazaliwa. Na waliofanya vile sio hao mnaowasema. Wakaja kubeba Grammy tano 2007 lakini redio za kantri ndio basi tena. Colin Kaepernick, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, 2016 kapiga goti wakati wa wimbo wa taifa kupinga ubaguzi wa rangi, tangu 2017 hakuna timu ya ligi yao, NFL, iliyompa mkataba, na waliokuwa wanashangilia hilo ndio hao hao baadaye wanalia uhuru wa maoni unaminywa.

Halafu kuna levo nyingine kabisa, ni pale serikali inapotia mkono. Septemba 2025 baada ya Charlie Kirk, mwanaharakati wa mrengo wa kulia Marekani, kuuawa, mchekeshaji Jimmy Kimmel akaongea yake kwenye kipindi chake cha televisheni, mkuu wa FCC (mamlaka ya mawasiliano ya Marekani) Brendan Carr, yaani mtu anayeshika leseni za vituo, akaenda kwenye podikasti akasema tunaweza kulifanya hili kwa njia rahisi au njia ngumu. Siku hiyo hiyo kuna kampuni yenye vituo vingi ikasema haitarusha kipindi, ABC, televisheni inayomilikiwa na Disney, wakakisimamisha bila kusema mpaka lini. Watu wakaanza kufuta usajili wa Disney, haijatimia wiki karudi hewani. Wananchi wakikususa unaweza kubishana nao. Mwenye leseni akikohoa hakuna wa kubishana naye, tajiri wako anakutoa mwenyewe kabla hajaambiwa.

Mi kipimo changu ni kimoja, jina ulibadilishe. Weka mtu unayempenda kwenye ile klipu halafu uone kama bado unaona haki imetendeka. Wengi tunafeli hapo, mimi wa kwanza, nilishangilia mmoja wa hao juu na simtaji.

---

Fundi Seva

Nijibu kile cha ufunguo kwa sababu kina jibu la kisheria, ingawa halitawafurahisha.

Ulaya kuna kitu kinaitwa haki ya kusahauliwa. Mhispania mmoja kila ukitafuta jina lake kwenye Google linakuja tangazo la gazeti la 1998, nyumba yake inapigwa mnada kwa deni, deni lenyewe lilishaisha zamani. Akadai mpaka mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya, Mei 2014 wakasema Google lazima aondoe hiyo linki mtu akitafuta kwa jina lake, ikiwa habari imepitwa na wakati na haina tena maslahi kwa umma. Zingatieni, gazeti halikufutwa. Habari iko pale pale, ila jina halikupeleki tena huko. 2019 mahakama hiyo hiyo ikasema Google halazimiki kufanya hivyo dunia nzima, ni ndani ya Ulaya. (Na kichekesho ni kwamba huyo Mhispania aliyetaka kusahauliwa ndio anakumbukwa na kila mwanafunzi wa sheria.)

Nje ya hapo unabaki na kuomba. Namba ya simu au anwani ya nyumbani Google wanakubali kuitoa kwenye matokeo ukijaza fomu. Ila skrinshoti aliyoiweka mtu asiyekujua, kwenye tovuti aliyoitelekeza na hajibu barua pepe, hiyo itakaa mpaka seva ife. Binti Karani ulifuta komenti ukadhani umeifuta. Ulichofuta ni nakala yako.

---

Binti Karani

Shikamoo mwalimu, na asanteni wote, hata mnaonisema.

Shangazi swali lako nimelikimbia siku mbili hizi. Hapana, sikumwambia. Nilikuwa naogopa akiuliza "wewe umejuaje kuna video ndefu" nitajikuta naeleza na ua langu.

Leo asubuhi nimeingia nikafunga mlango. Nikamwonyesha kwanza video ya dakika sita, bado ipo, nimeitafuta nusu saa. Akaiangalia yote, alipofika pale anaokota makaratasi akairudisha nyuma akaangalia tena. Halafu nikamwambia na hii komenti ni mimi. Nilidhani atafoka. Akacheka kidogo, sio cha furaha, akasema "mbona siku ile ulikuwa unakunywa maji?" Akafungua droo ya chini, karatasi zake bado zipo. Nafasi lakini imeshajazwa, aliyepata kaanza Jumatatu.

Namba yake ya simu iko pale juu ya ukurasa. Najua sio utaratibu lakini niliinakili. Nimeandika meseji mara tatu nafuta. "Habari dada, hunijui ila..." nafuta. Nimtumie au nimwache?

---

Domo Kaya

Skrinshoti nimeshapiga ya huu uzi wote. Utani jamani. Nimefuta. Sijui kama imefutika.

---

Mbishi Halali

Mtumie. Angalau ajue kuna binadamu mmoja aliyerudi.

---

Shangazi Mkavu

Usimtumie chochote. Kwanza namba umeichukua kwenye karatasi za kazi, hapo tu ushakosea tena, ifute. Pili hiyo meseji ni ya nani? Miaka mitatu mtu kajifunza kulala, we unamwamsha saa tatu usiku na "hunijui ila", akusamehe ndio wewe ulale. Yeye aliomba kazi, hakuomba kutakwa radhi.

Hapo ofisini kwenu nafasi zinatoka kila baada ya muda gani?

---

Binti Karani

Namba nimefuta.

Mwezi wa tatu inatoka moja, ya dawati la mapokezi. Bosi hizo karatasi hakuzirudisha kwenye droo ya chini, ziko juu ya meza yake chini ya kikombe. Nimechungulia wakati natoka.